Fundo la Mkono wa Kushoto

Ukitaka kunirudisha Buyenzi ya utoto wangu, usihangaike na udi wala pilau. Niwekee karibu na pua kitambaa chenye oili chafu ya gari, washa mkaa uyeyushe pistoni kuukuu, kisha vunja kijiti kibichi cha mti wa sapini katikati ya harufu hizo mbili. Utomvu wa sapini una ukali wa ganda la limau, na ndani yake kuna ubaridi ambao sisi watu wa bondeni hatukuwahi kuwa nao. Haikuwa harufu ya mtaa wetu hata kidogo. Buyenzi ni mtaa wa mafundi mjini Bujumbura, nyundo zinagongwa tangu alfajiri, na joto la ziwani linashuka juu ya mabati mpaka mbwa wanakosa pa kulala. Lakini nyuma ya nyumba yetu, chini ya kivuli cha magunia yaliyomwagiwa maji asubuhi na jioni, palikuwa na ubao mrefu, na juu ya ubao huo ilipangwa miti ya nchi za theluji, mikubwa kwa umri kuliko mimi na mifupi kuliko goti langu. Watu wengine harufu za utotoni huwapa raha. Mimi nikiisikia ile, hata kwenye sabuni ya dukani, kinachonipanda ni hasira.

Miti ilikuwa ya baba mdogo Haruna, mdogo wake baba yangu. Kazi yake ilikuwa kusubu masufuria: alinunua pistoni na vipande vya alumini kwa makanika, akaviyeyusha, akavimimina kwenye mchanga, na jioni akina mama walikuja kuchagua wakigongagonga makalio ya sufuria kwa vidole. Alitumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula, maana bibi alimchapa utotoni mpaka mkono ule ukaogopa sahani. Mtaani walimwita Mushoto, naye aliitika. Sapini alizipata kwa Mzungu mmoja aliyesimamia vitalu vya miti huko milimani. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, akimbebea Mzungu huyo miche, na Mzungu alikuwa na mapenzi yake ya ajabu ya kufupisha miti ndani ya vyungu, bonsai, kama wafanyavyo Wajapani. Alihitaji vyungu vya alumini, baba akamleta kwa ndugu yake. Akawa anakuja kila mwezi, wanachuchumaa wote wawili mbele ya mti mmoja saa nzima. Vita vilipoanza aliondoka na begi moja, akamwachia Haruna miti yote. Mzungu aliiita episea. Sisi tuliiita sapini, kama Bujumbura nzima inavyoita kila mti wenye majani ya sindano, na Noeli ilipokaribia Wakristo wa mjini walikuja kununua mmoja mmoja, wakashangaa kuuziwa Noeli yao na fundi sufuria mwenye kofia ya kiislamu.

Mimi ndiye niliyerithishwa kazi hiyo, kwa sababu watoto wa kiume wa nyumbani walitaka injini. Nilijifunza kwamba machipukizi mapya ya sapini, yale laini yenye kijani cha kitoto, hayakatwi kwa mkasi. Unayanyofoa kwa ncha za vidole, kama unavyochambua mboga ya lengalenga, ukiacha nusu. Mkasi ukipita, sindano hugeuka kahawia na mti mzima ukaonekana umeungua. Matawi tuliyapinda kwa waya wa shaba, na waya tuliupata kwa mafundi wa dinamo waliokuwa wakiutupa. Lakini kazi kubwa, ile iliyomfanya baba mdogo azime redio, ilikuwa kubadilisha chungu. Mvua za kwanza zikinyesha, mti ambao zamu yake imefika unatolewa, mizizi inachambuliwa kwa kijiti cha mwanzi, ile mirefu inapunguzwa, kisha mti unarudishwa kwenye mchanga wa mto Ntahangwa uliochanganywa na tofali la kuchoma lililopondwa. Sharti lake lilikuwa moja na alilirudia mpaka nikaliota: usiguse mizizi yote kwa mara moja. Nusu mwaka huu, nusu nyingine mwaka mwingine, na udongo wa zamani uuache kidogo, ule wenye ukungu mweupe, ili mti usijione uko ugenini. Mwishoni waya unapitishwa kwenye matundu ya chini, unakumbatia mizizi, unasokotwa chini ya chungu ili mti usiyumbe. Yeye alisokota kuelekea kushoto, mimi kulia. Tulikuwa tunapindua vyungu na kucheka. “Fundo yako na yangu haziwezi kuoana,” alikuwa akiniambia, na ninakiri kwamba katika dunia nzima hakukuwa na mtu niliyependa kucheka naye kama yeye.

Zamani, kila kiangazi, baba aliipakia miti kwenye lori akaipeleka Bugarama, juu kwenye ukungu, ikae mwezi mmoja au miwili ipate baridi yake. Mzungu alikuwa amesema sapini isiyolala haiishi. Halafu barabara ya milimani ikawa barabara ya kuviziwa, na siku moja lori la baba lilirudi likivutwa na lori lingine, na baba hakurudi akiwa hai. Nilikuwa na miaka tisa. Arobaini ilipokwisha, baba mdogo alinishika mkono akanipeleka kwenye ubao, akaniambia nichague mti. Nilichagua ule ulioinama upande mmoja. Mvua zilipokuja akanisubia chungu cha mti huo, chenye herufi Z ya Zaina ubavuni, kirefu kuliko vyungu vyote. Nikamwuliza mbona kirefu hivyo, akasema sapini yangu ina mizizi ya ukaidi, inataka kwenda chini. Niliupanda mimi mwenyewe, nikasokota waya mimi mwenyewe, kulia.

Ni siku hizo ndipo neno lile lilipoingia nyumbani kwetu na kukaa kama mgeni asiyeaga. Hatumo. Watu wa mitaa mingine walikuwa wameulizana wao ni akina nani na kuuana kwa sababu ya moja ya majibu mawili, lakini sisi wa Buyenzi tulikuwa na jibu la tatu. Siye Waswahili. Siye hatumo. Baba mdogo alilisema kwenye kahawa, alilisema redio ilipotaja mazungumzo ya amani ya Arusha, alilisema jirani alipokuja kunong’ona kuhusu nani yuko upande gani. “Walimuuwa kaka yangu, na yeye hakukuwamo,” aliwaambia. “Mi pia simo. Watoto ya hapa hawamo.” Na akinigeukia mimi: “Zaina, mutu akikuuliza, unasema nini?” Nilijibu kama nilivyokuwa nikijibu darasani. Siye hatumo. Niliamini neno hilo kwa moyo wangu wote. Nililala nalo usiku milio ya risasi ilipokuwa ikitoka upande wa kaskazini.

Kiangazi ninachotaka kukisimulia ni kile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Kwa kuwa Bugarama haikufikika, mwaka uliotangulia tulijaribu barafu. Baba mdogo alinunua mabonge kwa wauza samaki, tukayapanga kuzunguka vyungu chini ya maranda ya mbao, na matokeo yake sapini zilinuka mukeke, samaki wa ziwani, na paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu. Kiangazi hiki akaja na shauri jipya. Kule Kinama, kaskazini mwa mji, alikuwa na mteja wake wa masufuria, mjane aitwaye Mama Goreti, aliyepika urwarwa, pombe ya ndizi, na kuiweka kwenye chumba cha matofali mabichi yenye unene wa dhiraa nzima, kisicho na dirisha. Ukiingia humo mwili unasisimka kwa baridi. Sapini zitapumzika humo kwa zamu, moja ikienda nyingine inarudi. Mama yangu alinung’unika kwamba mtoto wa kiislamu atakuwa mgeni wa nyumba ya pombe. Baba mdogo alicheka, akasema muti hailewi, na mtoto hatakunywa. Nani abebe? Yeye mwanamume mzima angesumbuliwa njiani. Mtoto wa kike aliyevaa kitambaa kichwani, mwenye kamti kwenye chungu, nani atamsumbua?

Basi nikawa nabeba. Nilivuka daraja la Ntahangwa, nikapita mitaa ya katikati, na kabla ya kuingia Kinama palikuwa na bariyeri, kizuizi cha askari: magogo mawili, magunia ya mchanga, kamba. Akina mama waliokuwa na unga wa muhogo walitua mizigo yao, na askari waliuchoma unga kwa fimbo ndefu ya chuma kuona kama kuna kitu. Nilipofika mara ya kwanza nilijipanga nyuma yao. Askari mmoja kijana, mwenye pengo la jino mbele, aliniita.

“We kadada, unapeleka wapi ako kamuti?”

“Kinama, afande. Kanaenda kupumuzika.”

Aliwaita wenzake waje wasikie. “Muti inapumuzika. Na mi hapa sijapumuzika tangu mwezi ya tatu.” Kisha akainama, akanyofoa sindano moja, akaisugua kwa vidole na kuinusa, na uso wake ukabadilika. Alikuwa mtu wa Mugamba, huko juu kwenye baridi. “Kwetu hii iko murefu kupita kanisa,” alisema. “Nani aliirogaroga hivi?” Nikamweleza kuhusu machipukizi na vidole, kuhusu mizizi na nusu kwa nusu. Alisikiliza kwa makini, na mimi, mtoto ambaye nyumbani niliambiwa nina maneno mengi, nilimwaga yote. Mwenzake alikuja na fimbo ya chuma akitaka kuichoma kwenye udongo wa chungu changu. Yeye alimzuia kwa mkono. “Wacha, utauwa mizizi. Aka ni katoto ka Waswahili. Hawamo.” Akaniangalia. “Si hamumo?”

“Siye hatumo, afande,” nikasema.

Ikawa ndiyo njia yangu kiangazi chote. Miti ilikwenda kwa zamu, lakini zamu ya mti wangu ilikuja mara nyingi zaidi; baba mdogo alisema ndio mdhaifu, unahitaji baridi zaidi. Nilijivuna. Nilidhani anaupenda kwa sababu ni wangu. Kila alfajiri ya safari niliukuta umeshamwagiwa maji na umewekwa mlangoni, na ulikuwa mzito hata shingo ikaniuma. Niliporudi nao wiki moja baadaye ulikuwa mwepesi. Nilimwuliza, akanijibu kwamba chungu kilichonyweshwa ni kizito na kilichokaa gizani bila maji ni chepesi, jambo ambalo kila mtu analijua. Siku moja yule afande alinipokea mzigo ili nipumue, akashtuka. “Kazito hivi?” Nikamwambia, “Kamekunywa maji, afande.” Nilimwambia kwa kiburi kidogo, kama fundi anayemfundisha mwanafunzi wake, naye akaniamini, kwa sababu uso wangu ulikuwa uso wa mtu anayesema kweli. Alinisaidia kuubeba mpaka ng’ambo ya magogo.

Kabla ya mwisho wa kiangazi alinisihi nimpe kitawi. Hakutaka kikubwa, alitaka cha kunusa tu. Nilimpelekea vipande vya kupogoa, nilivyovifunga kwa uzi wa mama, akavitia kwenye kopo la nyanya lenye maji na kuliweka juu ya magunia ya mchanga. Kila nilipopita nililiona kopo lile, na wenzake walikuwa wakimtania kwamba amefungua kanisa. Mama Goreti kwa upande wake alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alikuwa akinipokea chungu kwa mikono miwili, akikipeleka gizani yeye mwenyewe, akinipa ndizi mbivu na kunifungia mlango. Sikuwahi kuruhusiwa kuuweka mti wangu mahali pake. Nilifikiri anaogopa nisije nikanusa pombe.

Asubuhi moja ya mwezi wa nane tuliamshwa na milio kutoka upande ule. Haikuwa ya mbali kama siku nyingine, na haikuisha haraka. Baba mdogo alikaa uani, hakuwasha mkaa. Wauza ndagala, dagaa wa kwetu, walipopita walisema bariyeri ya Kinama imevunjwa na waasi, na askari waliokuwa pale hakubaki hata mmoja. Nililia, na mama alidhani naogopa. Siku kadhaa baadaye nilipita pale pamoja na mama. Magogo yalikuwa mapya, askari wapya, wenye macho mekundu, wakichoma kila kitu kwa fimbo zao, hata godoro la mtoto. Kopo la nyanya lilikuwa bado juu ya gunia, na kitawi ndani yake kilikuwa kimegeuka kahawia. Nilitaka kuuliza habari za mtu mmoja mwenye pengo, wa Mugamba, lakini sikulijua jina lake. Kiangazi chote nilikuwa nimemwita afande tu. Nyumbani baba mdogo alitangaza kwamba sapini zimepumzika vya kutosha, na hapakuwa tena na safari.

Mvua za kwanza zilikuja mapema mwaka ule. Mti wangu haukuwa umefikia zamu ya kubadilishwa chungu, lakini sindano zake zilikuwa zimepauka na matawi ya chini yalianza kuzidondosha. Nikaona nitazame mizizi tu, niirudishe. Ilikuwa saa za mchana, baba mdogo yuko kwenye kalibu zake, moto unavuma. Niliukalisha mti magotini, nikaupindua, nikatafuta fundo langu. Nililiona fundo, lakini halikuwa langu. Waya ulikuwa umesokotwa kuelekea kushoto.

Hata hapo bado nilikuwa namtafutia baba mdogo sababu: labda waya ulilegea, labda alinisaidia. Nikaufungua. Mti ulitoka kwa urahisi ambao sapini haina, na chini, pale ambapo mizizi niliyoipanga kwa kijiti cha mwanzi ilipaswa kuwa imejikunja, palikuwa pamekatwa sawasawa kwa kisu. Makovu mengine yalikuwa ya zamani, yenye utomvu ulioganda, mengine ya juzijuzi. Alikuwa ameufungua tena na tena, kiangazi kizima, yeye aliyeniapisha nusu mwaka huu na nusu mwaka mwingine. Nusu ya chini ya chungu ilikuwa mchanga mtupu uliomiminwa kuziba nafasi. Na ndani ya mchanga, ikiwa imeshikwa na vijizizi vyeupe vilivyojaribu kuota upya, ilikuwamo risasi moja, ya rangi ya shaba, safi kama imetoka dukani. Ilikuwa imeponyoka katika furushi lake. Nyingine zote zilikuwa zimefika kwa Mama Goreti.

Nilikwenda kwake nikiwa na udongo mpaka viwikoni. Alikuwa ameshika kikombe cha alumini iliyoyeyuka na sikutaka kusubiri amimine, lakini nilisubiri, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha.

“Baba mudogo, nani alifungua muti yangu?”

“Hakuna mutu aliifungua.”

“Fundo imesokotwa kushoto.”

Aliutazama waya mkononi mwangu, kisha akautazama mkono wake mwenyewe, kana kwamba ndio uliomsaliti. Nikakunjua kiganja cha pili. Aliichukua risasi haraka na kuitia mfukoni, akaangalia ukuta, akaangalia mlango. Hakukana tena. Hilo namshukuru, kama kuna la kumshukuru.

“Mi nilikuwa nasema siye hatumo,” nikamwambia. “Kila siku nilisema.”

“Njo maana walikuamini.” Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya upole. “Kama ungejua, ungetetemeka. Kama ungetetemeka, wangekuuwa. Sikukuambia juu nilitaka kukulinda.”

“Na afande?”

Alikunja uso, akatafuta kichwani mwake kwa dhati kabisa, na hakupata. “Afande gani?” akauliza.

Nimekuwa na miaka mingi ya kuyageuza maneno hayo, na bado sijui ni lipi linaloniuma zaidi. Sijui alifanya kwa ajili ya kaka yake aliyeuawa, au alitishwa, au aliamini jambo ambalo hakuweza kuniambia. Hajawahi kusema, nami nimeacha kuuliza. Ninachokijua ni kwamba hakuhitaji shingo yangu, shingo za kubeba zilikuwa tele Buyenzi. Alihitaji uso wa mtoto asiyejua. Alichukua ile kweli yangu, akaitia kwenye chungu pamoja na mzigo wake, akaituma darajani. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa neno lile lile lililonilaza usiku. Na kuna swali dogo ambalo ni la kijinga, lakini ndilo linalonirudia mara nyingi kuliko yote: kile chungu kirefu chenye herufi Z, alikisubu kwa ajili ya mti wangu, au alinipa mti kwa ajili ya chungu?

Mti ulikufa kabla ya Noeli. Sapini ikifa haisemi mapema. Inabaki kijani wiki nyingi, kisha siku moja unaigusa na sindano zote zinaanguka. Baba mdogo aliniletea mwingine, mzuri zaidi. Sikuupokea. Niliendelea kumwamkia, nilimpelekea chakula, nilimheshimu mbele ya watu kama alivyostahili mtu aliyelea watoto wa kaka yake. Lakini kwenye ubao wa nyuma sikukanyaga tena, wala fundo letu hatukulicheka tena. Mama aliona kitu kimevunjika, hakuuliza. Miaka ile ilikuwa ya kutouliza.

Leo vita vimekwisha, barabara ya Bugarama inapitika, na miti ya Noeli inateremshwa kwa malori. Mimi ni wakala wa kutoa mizigo hapa bandarini. Wafanyabiashara wananiletea karatasi za shehena kutoka Kigoma wakiniapia kwa watoto wao kwamba ndani hamna kitu kingine, na mimi nafungua kila sanduku, hata la mtu ninayemjua, ndiyo maana wananiita Mama Fungua. Wanaofanya kazi nami husema nina roho ngumu. Baba mdogo yuko hai. Mikono imemzeekea, masufuria anasubu kijana mwingine, lakini sapini bado anazo tatu au nne, na redio ikianza habari za siasa bado anawaambia wageni kwamba yeye hayumo. Binti yangu Salma, mwenye miaka kumi, anampenda kupita kiasi. Mama yangu alinisihi nisimwekee mtoto deni la hasira yangu, nami nikamruhusu awe anakwenda Buyenzi baada ya shule. Anajua kunyofoa machipukizi kwa vidole. Anajua nusu mwaka huu na nusu mwaka mwingine.

Mvua za kwanza za mwaka huu zilipoanza, Salma aliingia nyumbani jioni akiwa na sapini kichwani, uso wote furaha. Alisema babu Haruna amempa iwe yake. Chungu kilikuwa kipya, kirefu, chenye herufi S ubavuni. Nilimtua mzigo, na mikono yangu ikaujua uzito ule kabla ya kichwa changu.

“Mbona kizito hivi?” nikamwuliza.

“Kamekunywa maji, mama.”

Nilikipindua. Fundo lilikuwa la kushoto, na lingekuwaje vingine. Nikachukua kisu cha jikoni nikakata waya, nikautoa mti, nikaukung’uta juu ya saruji mpaka hakukubaki chembe ya udongo, hata ule wenye ukungu mweupe. Nilipitisha vidole kati ya kila mzizi. Nilikung’uta chungu, nikakigonga, nikakisikiliza. Kulikuwa na mchanga wa Ntahangwa, tofali lililopondwa, na maji yaliyotiririka mpaka mlangoni. Hakukuwa na kitu kingine chochote. Salma alisimama akinitazama, hakulia.

“Nilikuambia ni maji,” alisema.

Alikuwa amesema kweli. Nilimtazama usoni na kuuona wazi, uso wa mtoto asiyejua lolote zaidi ya alichokisema. Hata mimi, pale bariyeri, nilikuwa na uso huo huo.